Gari la Kunisemea

Nilikwenda Korogwe mara tatu kuchagua gari la mchezo. Mtu mzima mwenye mvi na karakana ya redio pale Handeni mjini, akipanda basi mara tatu kwa ajili ya gari la mchezo, hana haki ya kushangaa akichekwa. Kwa hiyo sikushangaa. Nilichekwa na kondakta, nikachekwa na mke wangu, na mwisho nikachekwa na ukoo mzima pamoja na wakwe, wote wakiwa wamevaa vizuri.

Chanzo ni sauti yangu. Nina sauti ndogo. Si ugonjwa, nimezaliwa nayo. Dukani wateja huinama ili wanisikie, na mimi nikiwaona wameinama hudhani wanaangalia kitu mezani, basi nanyamaza wamalize kuangalia. Kwa kazi ya redio hilo halina madhara, maana inayotakiwa kusema ni redio. Lakini mimi pia ni mjomba, na kwetu mjomba ana kazi yake. Binti wa dada yako akiagwa, wewe ndiye unayesimama mbele ya wakwe, unamkabidhi zawadi na kumwambia neno. Baba anaweza kulia, mama anaweza kucheza, neno ni la mjomba. Binti asipoambiwa neno, wazee husema ameondoka kama aliyetumwa dukani.

Binti wa kwanza wa dada yangu Maryamu, anaitwa Husna, aliondoka hivyo. Nilijiandaa wiki nzima. Siku ya sendofu nikapewa maikrofoni, nikasema yote niliyoyapanga, hatua kwa hatua, maikrofoni nimeishikilia kifuani kama mtu anayekula kiapo. Nilipomaliza, watu walikuwa bado wanasubiri nianze. Mshereheshaji akaipokea ile maikrofoni, akafikiri kidogo, akatangaza, "Mjomba anasema chakula kiko tayari!" Sijawahi kupigiwa makofi kama siku ile.

Husna hakukasirika. Ila kila Idi akija kutusalimia husema, "Shikamoo, mjomba. Neno langu bado liko jikoni?"

Sasa ikafika zamu ya mdogo wake, Yusra. Huyu nusu ya utoto wake aliimalizia kwenye meza yangu ya kazi, likizo za shule, akinipangia skrubu kwa ukubwa wake. Alipochumbiwa na Muhsin, kijana wa Mkumbara, alikuja karakana, akasubiri mteja aondoke, akasema, "Mjomba, mimi nisiondoke kama dada Husna. Hata yakiwa maneno matatu. Niyasikie."

"Utayasikia," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema utayasikia."

Mtu mwingine angejifunza kushika maikrofoni. Mimi nikafikiri kifundi. Kama sauti yangu haifiki waliko watu, basi isafirishwe. Nirekodi neno langu polepole, peke yangu, kwenye memori kadi. Kadi iingie kwenye spika ndogo. Spika ikae juu ya gari la rimoti pamoja na doti ya kanga. Gari liondoke mezani kwangu, lipite katikati ya watu, lisimame mbele ya Yusra, liseme. Mimi nibaki nimekaa na rimoti yangu, natabasamu kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Kadiri nilivyoufikiria mpango huo sikuona kasoro hata moja, na mtu anayenijua angeanza kuogopa hapo hapo.

Magari yalikuwa kwa Ponsiano. Ni Msambaa wa Lushoto, kijana mwenye maneno mazuri, ana banda la vyombo vya mtumba karibu na stendi ya Korogwe. Katika mzigo mmoja aliopata Tanga yalikuwemo malori matatu ya rimoti, makubwa, kila moja na urefu wa mtoto mchanga. Hayakuwa ya betri kama yale ya madukani. Kila moja lilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama kitunguu, yenye kabureta yake na bomba lake la moshi, nayo ilikunywa mafuta yanayoitwa nitro, ambayo sijawahi kuyaona yakiuzwa popote kati ya Handeni na Tanga.

"Nililijaribu moja kwa petroli ya bodaboda, fundi," Ponsiano aliniambia.

"Likasemaje?"

"Lilipiga ukelele mmoja tu, kama kuku aliyekanyagwa. Mpaka leo halijasema tena."

Hilo halikunisumbua. Injini inayopiga kelele na kutoa moshi isingeweza kubeba sauti yangu hata ingekuwa nzima. Kazi yangu ilikuwa kuitoa injini na tangi lake, na mahali pake kuweka mota na betri. Mota nilikuwa nayo, nimeitoa kwenye drili ya betri iliyokufa. Betri ningeziunga kutoka kwenye laptopu mbovu zilizojaa uvunguni mwa meza yangu. Kidhibiti cha mwendo ningeagiza Kariakoo. Na faida moja ilinipendeza kupita zote: malori yale ya nitro yalikuwa hayajui kurudi nyuma, lakini mota inajua. Gari langu lingeweza kujirekebisha, jambo ambalo mimi mwenyewe hunichukua muda.

Swali lilikuwa moja tu: nichukue lipi?

Safari ya kwanza niliyaangalia bila kuyagusa. Safari ya pili niliyageuza juu chini. La bluu lilikuwa la mashindano, jembamba, tumbo linakaribia kugusa ardhi. Kwenye mkeka lingekwama kama kobe. Hilo nikaliweka kando, nikabaki na mawili.

La kijivu halikuwa na bodi. Lilikuwa chesesi tupu ya plastiki, imechubuka, kama mifupa ya kitu kilicholiwa. Lakini ulipozungusha gurudumu moja, mengine yaliitika bila kusitasita. Gia yake ilikuwa moja tu, meno yote mazima. Pale lilipokaa tangi palikuwa na nafasi ya betri zangu kana kwamba mtu alipima. Nilikuwa nimebeba ile mota mfukoni. Nikaiegemeza pale ilipokuwa injini, ikakaa. Kipande cha bati na skrubu mbili, basi.

Jekundu lilikuwa jekundu. Lilikuwa na magurudumu kama ya trekta, chesesi ya alumini, shokapu zinazong'aa, na bodi yenye taa za kuchora. Ndani lilikuwa na gia mbili: likishika kasi, linajibadilishia lenyewe kwenda ya pili. Kwa mtu anayetaka kukimbia hilo ni jambo jema. Kwa mtu anayetaka kupeleka kanga kwa mwendo wa bibi harusi, ni ugonjwa unaosubiri siku yake.

Nilirudi Handeni kufikiri. Nikaipeleka ile doti ya kanga na spika kwenye mzani wa duka la jirani, vikapimwa pale panapopimwa sukari. Mwenye duka akaniuliza kama nauza kanga kwa kilo. Magari yote mawili yangeubeba ule mzigo bila shida. Kwa hiyo kila nilipojiuliza kwa utaratibu, jibu lilikuwa la kijivu, na kila nilipofumba macho nikaiona ile siku yenyewe, gari linalopita mbele ya wakwe lilikuwa jekundu.

Safari ya tatu Ponsiano alinipokea kwa kunivutia kiti. "Shikamoo, fundi. Leo tunachagua, au tunaposa?"

"Leo nachukua."

"Lile la kijivu nimekufutia vumbi."

"Nifungie jekundu."

Akaniangalia. "Mzee wangu, safari ile ulishinda na la kijivu. Ukalizungusha, ukalisikiliza, nilidhani utalinyonyesha. Jekundu uliligeuza mara moja tu, ukaliweka."

"Nifungie jekundu, Ponsiano."

Miaka yote nimewaambia wateja: redio usinunue kwa sura, ifungue kwanza. Nililipakata lile jekundu kwenye basi mpaka Handeni, na kila abiria aliyelisifu nilimjibu "asante" kama mimi ndiye niliyelizaa.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hapo sijisifu, maana mota ya drili haina makuu. Nililehemu nyaya, nikaweka vile vijidude vya kuzuia mota isikwaruze mawimbi ya rimoti, nikafunga betri. Nilipofika kwenye gia nilijua la kufanya: kufungua kijisanduku, kuweka kipini kidogo, gia ya pili ife, gari libaki na mwendo wa kwanza tu. Nikafungua. Ndani mlikuwa na vijichuma viwili kama mbawa, na springi zake nyembamba, kila kitu safi, kimetengenezwa na mtu aliyeipenda kazi yake. Nikaviangalia muda mrefu. Nikafunga kama nilivyokuta. Nikajiambia: nitaendesha polepole, haitafika huko.

Mara moja, kwenye uwanja wa nyuma, ilifika huko. Gari liliruka likaingia kwenye nyanya za mke wangu, Mama Hussein. Nikahitimisha kuwa kosa ni la dereva, na dereva nimekwisha kumwonya.

Siku hiyo hiyo akaja Swaumu. Swaumu ni binti wa shangazi yangu, yaani binamu yangu, na kwetu binamu ni mtani wako wa kuzaliwa. Mtani haombi ruhusa. Anaweza kukutolea kofia mbele ya watu akaivaa yeye, na ukikasirika aibu ni yako. Tena Swaumu ana sauti ambayo ingetutosha wote wawili, na imebaki.

"Eti Mbaruku umenunua gari!" alisema tangu barabarani. "Nimekuja nikitegemea lifti mpaka Mazingara. Ndiyo hili? Mguu wangu mmoja utaingia?"

"Ni la kupeleka zawadi ya Yusra."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa naliendesha."

"Na neno?"

Nikamwonyesha spika. Akaiangalia spika, akaniangalia mimi, akakaa chini apate kucheka vizuri. "Jamani! Mjomba wa plastiki! Sasa nisikilize, binamu. Sisi siku hiyo tunakaa mkeka wa mbele, unajua. Na kinachogusa mkeka wa watani ni mateka. Likitugusa, hulipati."

"Halitagusa. Nimepima njia."

"Umepima njia, hukunipima mimi," akasema, akaondoka na bisibisi yangu moja, ili tu nijue kuwa hatanii.

Sendofu ilikuwa Mazingara, nyumbani kwa Maryamu, alasiri. Maturubai yalikuwa yamefungwa, wakwe wa Mkumbara upande mmoja, sisi upande wa pili, katikati zulia la kukodi mpaka alipokaa Yusra. Mkeka wa watani ulikuwa kushoto mwa zulia, mbele kabisa, na Swaumu katikati yake amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kupalilia.

Mshereheshaji akatangaza, "Sasa ni zamu ya mjomba!" Nikaliweka gari chini. Watoto wakapiga kelele, hata wazee wa Mkumbara wakanyoosha shingo. Nikawasha spika, nikarudi kwenye kiti, nikaligusa gari kidogo kwa rimoti. Likaondoka taratibu, jekundu, kanga zimefungwa utepe juu yake, linakwenda kwa heshima kama sheikh anayeingia msikitini. Nakiri nilifurahi sana. Furaha yenyewe haikufika theluthi ya zulia.

Spika za aina ile huchelewa kidogo kuamka, kisha husoma kadi kuanzia sauti ya kwanza iliyorekodiwa. Mimi nina tabia ya kutofuta kitu mpaka nihakikishe, na nilikuwa sijahakikisha. Kwa hiyo gari lilipofika mbele ya wakwe lilisema, kwa sauti yangu, wazi kabisa, kila mtu akisikia:

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mama Hussein, hebu mtoe huyo kuku."

Turubai zima likaanguka kicheko. Gari likaendelea: "Wapendwa wakwe zetu... hapana. Wakwe zetu wapendwa... hapana, inafanana tu. Huyu kuku amerudi."

Nilijua neno lenyewe, lile zuri, ni la mwisho kabisa kwenye kadi. Nilijua pia kuna majaribio mengine mengi kabla yake, na katika baadhi nilikuwa nalalamika juu ya wageni watakavyokuwa wengi. Nikataka gari lifike haraka, mtu alizime. Kidole changu kikasukuma rimoti.

Zile mbawa mbili nzuri zikafunguka. Gia ya pili ikaingia. Gari likaruka kutoka kwenye zulia, likakata kushoto, likapanda mkeka wa watani na kusimama kwenye mapaja ya Swaumu kama mtoto aliyemkumbuka mama yake. Nikabonyeza kurudi nyuma, ile faida yangu kubwa. Lilirudi nyuma vizuri sana, magurudumu yote manne, ila wakati huo Swaumu alikuwa ameshaliinua hewani.

"Mateka!" akapaza sauti. Mkeka mzima ukapiga vigelegele.

Mshereheshaji akaja na kikapu cha kukombolea. "Mama, utupe bei, tumkomboe mjomba."

"Hela yake akanunulie betri," Swaumu akasema. "Soda pia sitaki. Nataka neno. Aje hapa, alitoe mdomoni mwake. Asipokuja, Yusra anaondoka bila kanga na bila neno, na gari naliuza Mkata."

Watu wakacheka, wakitazama huku na huku. Mimi nikamtazama Yusra. Alikuwa hacheki. Alikuwa ananitazama kama zamani, alipokuwa ameshika skrubu asiyojua aiweke wapi.

Nikaweka rimoti kwenye kiti. Zulia lile nilikuwa nimelipima kwa gari tu; kwa miguu lilikuwa refu zaidi. Nilipofika mbele ya Yusra mshereheshaji akanipa maikrofoni, nikairudisha. Tulishajuana.

"Yusra," nikasema.

"Hatusikii!" wakapiga kelele kutoka nyuma.

"Basi nyamazeni!" Swaumu akawajibu. "Mnataka kusikia au mnataka kusikiwa?"

Wakanyamaza. Sijui kama mmewahi kusikia turubai lenye watu wengi namna ile likinyamaza. Kilichobaki ni sauti yangu nyingine, chini ya kanga ya Swaumu, ikisema, "Moja, mbili." Alikuwa amelikalia lile gari ili lisinikatize.

"Yusra," nikasema tena, "ulipokuwa mdogo ulikuwa unanipangia skrubu. Ukikuta usiyoijua unaniuliza, mjomba, hii ya nini? Nami nakwambia, usitupe, weka, tutajua mbele. Neno langu ni hilo. Utayaona mambo kwa mumeo usiyoyajua ni ya nini. Usitupe haraka. Na kitu kikianza kukwaruza usikipige, kisikilize kwanza. Muhsin, nawe vilevile. Kikiwashinda wote wawili, kwetu kupo. Mlango wa karakana unaujua."

Hayakuwa yale niliyorekodi. Yale yalikuwa na aya mbili juu ya subira, zimepangwa vizuri, hata leo ziko kwenye kadi.

Yusra aliinamisha kichwa, akajifuta kwa ncha ya ushungi. "Nimesikia, mjomba," akasema. Swaumu akasimama, akafungua utepe, akamvisha zile kanga mabegani. Gari hakurudisha. Liko kwake mpaka leo, na amenikataza kuigusa gia. Anasema anapenda linavyoruka.

Nilikuwa nimeshageuka nirudi kwenye kiti changu, pale Husna aliposimama katikati ya wanawake, mtoto mgongoni.

"Mjomba," akasema, "na mimi? Langu limeiva?"

Vigelegele vikaanza upya. Nikamtazama mshereheshaji, ambaye alikuwa yule yule wa siku zile, naye akatazama viatu vyake. Nikamwendea Husna, mpaka nilipokuwa karibu naye kiasi cha kunisikia bila turubai kunyamaza, nikamwambia lake. Hilo ni lake, silirudii hapa. Lilikuwa fupi. Alilia kidogo, akacheka, akampa mtoto anisalimie.

Watu wakawa wananingoja, kana kwamba wamegundua kisima na sasa wanataka maji kila saa. Nikavuta pumzi, nikatumia sauti yote niliyobakiwa nayo, nikasema, "Na chakula kiko tayari."

Waliokaa nyuma waliniambia baadaye kwamba hilo ndilo walilolisikia vizuri.